Bima ya Mkunga Mstaafu

Mkunga mstaafu wa Kaole bado hukata kucha zake kila Alhamisi, na kabla ya kula hunawa mikono mpaka viwikoni. Alipostaafu aliiacha bima ya serikali, akachukua ya kampuni iliyomwahidi chumba cha peke yake, maana hakutaka wasichana aliowafundisha kazi ndio waje kumgeuza kitandani. Juzi kampuni ilimwandikia kwamba maradhi ya figo hayamo katika mkataba wake. Leo ameingia wodini kwake kwa zamani, miguu imemvimba.

“Shikamoo, mama! Umekuja kutukagua?” akauliza nesi Wahida, aliyefundishwa naye kukata kitovu.

“Marahaba, mwanangu,” akajibu, akiinama kwa taabu kuvua viatu. “Nionyeshe kitanda changu.”