Mama wa Baba Mdogo

Baba mdogo hakuwahi kunipiga. Majirani wote pale karibu na Manyatta walijua mkono wake ulivyo mwepesi. Ng'ombe waliujua, mke wake aliujua. Mimi, mtoto wa kaka yake niliyelelewa kwake, hakunigusa hata kwa kidole. Watu waliona nina bahati. Laiti wangekuja kukaa kwetu siku moja.

Kwetu Embu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na akishapewa, yeye ndiye huyo mama. Baba yake humwita mama, babu humtania kwamba ni mke wake, na watu hucheka. Mimi nilipewa jina la cucu, bibi yangu, aliyekuwa amezikwa majuzi tu, na hakuna aliyecheka. Kabla hajafa, cucu aligombana na baba mdogo, kitinda mimba wake, juu ya mpaka wa shamba. Baba mdogo akamsukuma, mama wa watu akaanguka kwenye matope majirani wakiona. Aliinuka, akaingia jikoni, akatoka na chungu chake cha kupikia. Alikipasua katikati ya uwanja wa mwanawe, akasema boma hilo livunjike vivyo hivyo. Akafa kabla ya kulirudisha neno lake.

Baada ya hapo mimba za mama mdogo, mke wa baba mdogo, ziliharibika moja baada ya nyingine. Leo mimi ni mchungaji, na nasema daktari angekuwa na jibu. Lakini wao waliwauliza wazee. Wazee wakasema laana ya mama huondolewa na mama, na akiwa hayupo, na yule aliyebeba jina lake. Ila mtoto hawezi kuondoa neno la mtu mzima, kwa hiyo wangoje nikue.

Basi mama yangu alipofariki, na baba akaenda kutafuta kazi asirudi, baba mdogo alinichukua mara moja. Alisifiwa sana. Nilipewa maziwa hata siku ambazo wao walikunywa chai kavu. Nyama nilitengewa mimi kwanza. Nililala peke yangu katika nyumba ya cucu, kwenye kitanda chake, kwani mama mwenye nyumba alale wapi kwingine? Hakuna aliyenibeba wala kunisuka nywele. Walikuwa wananikuza, na mimi nilidhani ndivyo watoto wote wanavyoishi.

Jioni, ukungu ukishafunika migomba, baba mdogo alikuja kusimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama, bado umekasirika?"

Nilikuwa sijajua hata kufunga kamba za viatu. Nilimjibu kwamba sijakasirika, nikiona hilo ndilo jibu zuri. Alinitazama, akangoja niseme zaidi, kisha akaondoka kinyumenyume. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoiogopa heshima ya mtu yule.

Alasiri moja usingizi ulinichukua, na nilipoamka niliwakuta wote wawili wameketi kando ya kitanda wakinitazama. Mama mdogo alisema nimekuwa nikizungumza usingizini, nikieleza mahali mpaka wa shamba ulipopita. Mimi sikujua shamba letu linaanzia wapi.

Aliyenitoa huko ni mwalimu wetu wa shule ya Jumapili. Aliniwekea mkono kichwani akiniombea, kama alivyowafanyia wenzangu wote, wala hakuona ajabu. Nililia mpaka akadhani naumwa. Wengine huanza imani kwa ndoto au sauti. Yangu ilianzia kwenye kiganja cha mwanamke aliyenuka majani chai, na sioni aibu kusema hivyo. Nilisoma, nikaokoka. Nilipofika umri ambao baba mdogo alikuwa akiungoja, nilimwambia wazi kwamba mambo ya laana siyagusi. Nikahamia Meru.

Sasa nina kanisa la mabati karibu na soko la Gakoromone. Waumini wangu wengi huuza viazi na ndizi hapo sokoni. Ibada ikiisha nasimama mlangoni, namshika kila mtu mkono na kumwita kwa jina lake. Hunitania kwamba mahubiri yangu ni mafupi, salamu ndizo ndefu. Waache waseme. Nimeitwa ili mtu asikae peke yake akiwa katikati ya watu, na kazi hiyo naijua vizuri.

Kisha mama mdogo akapiga simu. Baba mdogo alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka hospitali, hali wala hanywi, anamwita mama yake.

Nilijua anachotaka: nimpulizie maji kifuani kwa mdomo, kama mama anavyombariki mwanawe, na nitamke kwamba neno limerudi. Mambo hayo hayo nilikuwa nimewakataza waumini wangu waziwazi. Lakini nikikataa, angekufa akiamini mama yake anamchukia. Nilipofika nilianza kwa zaburi na maombi. Alingoja kwa adabu mpaka nikasema amina.

"Hayo ni ya mchungaji," alisema. "Mimi nangoja mama."

Mama mdogo alisimama na kikombe cha maji. Nilikasirika. Niliwakasirikia wao, wazee, hata marehemu mwenyewe. Nilimwomba Mungu anielekeze, na sikusikia kitu. Nikamtazama mzee yule aliyekonda, ambaye bado aliniogopa, nikachukua kikombe. Nilimpulizia maji kifuani, nikasema kwa Kiembu kwamba neno langu nimelirudisha, boma lako lisimame, mwanangu.

Nilikusudia kuishia hapo, lakini mdomo uliendelea. Ulisema goti liliniuma toka siku ile ya matope. Ulisema kila jioni niliacha mlango wazi nikitazamia aje aniombe msamaha, na ningemsamehe. Maneno hayo sijui yalitoka wapi. Mchungaji hapaswi kusema hivyo, lakini sijui. Mama mdogo alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta.

"Nilikuja, mama," baba mdogo alisema huku akilia. "Nilikukuta umelala. Niliogopa kukuamsha."

Alilia mpaka akachoka, akafumba macho. Alipoyafumbua alinitazama usoni bila hofu yoyote, kisha akamgeukia mkewe na kumuuliza huyu msichana ni wa nani.

"Ni wa kaka yako," mama mdogo alimjibu.

Alifikiri kidogo. Akasema hakujua kama kaka yake aliacha mtoto. Akaagiza niletewe kiti, akaniuliza kwa upole nimefika lini.

Nilitaka kumwambia kwamba nimekulia hapa. Nikamtazama tena.

"Nimefika sasa hivi, baba."