Mji wa Bi Gwen na Mikoba ya Shiling

Ninyi mliokuwa watoto miaka ya tisini ikielekea ukingoni, mkasomea Ilala au Kisauni, mlifundishwa mito ya nchi zenu na mazao ya biashara. Poleni sana. Mimi nilikuwa Guangzhou, Uchina, mtoto wa Kiswahili mwenye mkia wa nywele na magoti yenye makovu, nikifundishwa historia ya mji mdogo wa soko huko Wales. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu.

Baba alikuwa akisomea uhandisi kwa ufadhili, nasi tukamfuata, mimi na Mama, tukapanga ghorofa ya nne pale mtaa wa Xiaobei. Mnaoijua Xiaobei ya leo, yenye wali wa nazi na mawakala wa mizigo kila mlango, msinitajie. Enzi zetu ukimwona mweusi mwenzako ng'ambo ya barabara unavuka kumwamkia, hata kama lugha yake huijui. Majira ya unyevunyevu kuta za nyumba zilitoka jasho kuliko sisi, na nguo ilianikwa Jumatatu ikavaliwa Ijumaa ikiwa bado na ubichi. Asubuhi tulikula tambi za kuvutwa kwa mkono kwa Waislamu wa kaskazini, mvuke ukitupiga usoni. Jioni tulipiga danadana kwa miguu kwa kishada cha manyoya ya kuku pamoja na watoto wa Kichina, walionishinda kila siku na kunicheka bila huruma. Hatukupelekwa kwa mshauri wa saikolojia. Tulirudi kesho yake tukashindwa tena.

Shule yangu ilikuwa meza ya kulia chakula ya Bi Gwen, mama mmoja wa Wales aliyefundisha Kiingereza watoto wanane wa wageni. Alikuwa na kitabu kimoja tu, kijitabu chembamba kuhusu historia na tabia za mji wake. Jina la mji huo sikuweza kulitamka wakati ule, na nimejaribu tena juzi, wapi. Kwa mujibu wa Bi Gwen, dunia iliumbwa pale. Kulikuwa na mto mmoja, daraja moja, magofu ya ngome, mnara wa saa uliochelewa, na mvua. Mfalme fulani wa kale aliwapa ruhusa ya kufanya soko kila wiki, na mpaka leo wanajivuna kana kwamba aliwagawia bahari. Hesabu zetu zote zilikuwa za kondoo. Wanawake wa huko, alisema, walifuma soksi huku wakitembea kwenda sokoni, na bata bukini waliposwagwa safari ndefu walipitishwa kwanza kwenye lami na mchanga ili wawe na viatu. Niliamini kila neno. Binti yangu wa leo asingeamini. Angeuliza simu, simu ingemwambia ni kweli, na raha yote ingekwisha hapo.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la soko lenyewe. Watu wa mji ule, alituambia, hawakuhitaji karatasi. Bei ikifika panapostahili, mmoja anatoa kiganja, mwenzake anakipiga, pwaa! Imekwisha. Anayerudi nyuma baada ya hapo hasalimiwi tena na mtu. Tulifanya mazoezi pale mezani, tukiuziana vifutio na viganja vikituwasha. Bi Gwen alikuwa na macho mekundu tukifanya hivyo. Nilidhani ni mafua.

Sasa, Mama. Mama alikuwa amechoka kukaa ghorofani kutazama kuta zikitoka jasho, akauza bangili zake za harusi ili anunue mikoba aipeleke Kariakoo, kwa mdogo wake mwenye duka. Baba hakukataa, ila posho yake ya masomo haikututosha watatu. Walikubaliana hivi, nami nikiwasikia: mzigo wa kwanza ukileta faida, tunabaki. Usipoleta, mimi na Mama tunarudi Dar, Baba anamaliza masomo peke yake. Sikulala vizuri wiki ile. Nilimpenda baba yangu.

Basi tukapanda basi kwenda Shiling, mimi nikiwa mkalimani, kwa kuwa Kichina nilikiokota mtaani na Mama hakuwa na muda wa kukiokota. Shiling nao ulikuwa mji wa soko, ila bila mfalme wala ngome. Ulikuwa na harufu ya gundi iliyokushika kooni kabla hujashuka, cherehani zikinguruma kila sebule, na mikoba ikining'inia mpaka juu ya vitanda vya watoto. Mama alinionya njiani: "Ukikipenda kitu, nuna." Mwenye karakana alikuwa mama mnene mchangamfu, tukimwita laobanniang kama wake wote wa wenye mali. Alianza na yuani thelathini kwa mkoba. Mama alitaka kumi na nane. Walivutana mpaka laobanniang akatua ishirini na nne, akasema ndiyo ya mwisho. Mama akafanya kile ambacho kila mnunuzi wa Kariakoo anakijua: akachukua pochi yake, akaelekea mlangoni polepole, akisubiri kuitwa.

Mimi niliona mgongo wake unaondoka na Baba akiondoka nao. Nikanyoosha kiganja. Laobanniang akashangaa, akacheka, akakipiga. Pwaa!

Mama aligeuka. "Umefanya nini?"

"Nimefunga bei, Mama. Ndivyo wanavyofanya."

"Kina nani?"

"Kwao Bi Gwen."

Laobanniang hakuwa mtu mbaya. Alisema wewe ni mtoto tu, mama yako kama hataki basi, hakuna ubaya. Kwa bahati mbaya nilikuwa mkalimani mwaminifu, nikalitafsiri lote. Mama alitazama mikoba, akanitazama mimi na kiganja changu ambacho bado kilikuwa hewani kwa ujinga.

"Mwambie mkono wako ni mkono wangu," akasema, akafungua pochi.

Mikoba iliuzwa Kariakoo, ikarudisha mtaji na nauli, basi. Mwaka haukwisha tukapanda ndege. Baba alibaki miaka mitatu, sauti kwenye simu kila Jumapili. Mama aliwaambia watu kwamba unyevu wa Guangzhou ulimuumiza kifua, kiganja changu hakukitaja, nami, ingawa mapatano yao niliyasikia, nikachagua kuamini mpaka nilipokuwa na mtoto wangu.

Siku hizi naagiza mikoba Shiling kwa kidole, kwa mtu nisiyemjua sura. Binti yangu, Zuhura, ana miaka kumi na sita na ndiye mtaalamu wangu wa mambo hayo, maana mimi, nasikia, nimepitwa na wakati. Wiki iliyopita alivunja oda tuliyokwisha kuikubali, fundi ameshakata ngozi, kwa sababu ameona kwingine kuna nafuu kidogo. Nilipofoka alinitazama kwa huruma.

"Mama, ni biashara tu."

Bibi yake angeyasema maneno hayo siku ile kule Shiling, nami ningekua nikimwona baba yangu kila jioni. Nikamwambia Zuhura ampigie yule fundi amwambie tunaichukua, kwa bei ile ile.