Vikombe Saba vya Jirani

Mwezi uliopita nilishuka Sultan Hamud kununua mbegu za mbaazi, na miguu ikanipeleka yenyewe nyuma ya stesheni, palipokuwa na nyumba za mabati za watu wa reli. Nilisimama pale kama mjinga. Hapo, rafiki yangu, aliishi jirani yetu nilipokuwa msichana mdogo. Alikuwa fundi wa reli aliyetoka milimani, huko juu ya India, na hakuwahi kutufukuza watoto mlangoni pake.

Alikuwa na picha ya mama wa rangi ya kijani, ameketi huku mguu mmoja ameutanguliza kama anayetaka kuinuka. Kila asubuhi alimpangia vikombe saba vya shaba, akiviachanisha kwa upana wa punje ya mtama, akavijaza maji kuanzia kushoto. Aliwasha taa ya samli, akatikisa kengele, akanong'ona huku akihesabu tasbihi. Kabla jua halijatua aliyamwaga maji kwenye mpapai, akavifuta vikombe na kuvifudikiza.

Mwaka wa ukame maji yaliletwa na tangi la reli, na nyanya alitupimia kwa kata. Siku moja nilitoka kuchunga mbuzi koo limekauka, nikakuta mlango wa jirani wazi. Nikaingia, nikavinywa vikombe vyote saba, cha mwisho nikakilamba. Kisha hofu ikanishika, nikamwambia nyanya.

Hakunipiga. Yeye mwenyewe alikuwa akipeleka maziwa kwenye ithembo, pale pa kuombea mvua, na alijua kinachompata anayekula cha mizimu: tumbo huvimba mpaka afe. Nilijishika tumbo nikalia. Akabeba kibuyu chetu cha mwisho, maji ya kupikia jioni ile, akanikokota kwa jirani.

“Fundi, huyu mtoto amekunywa maji ya Mungu yako. Nimeleta ingine. Usiache akufe.”

Jirani alitazama vikombe vitupu, akacheka mpaka machozi.

“Mama, hii maji iko ya kila mtu na kiu. Toto hapana na kiu?” Akaonyesha ule mguu pichani. “Ona, yeye nasimama sababu ya toto.”

Kibuyu chetu alikikataa. Kesho yake vikombe vikawa vinane, cha nane kikiwa kizingitini, changu. Na nyanya, kila alipomwaga maziwa kwenye ithembo, alimdondoshea kidogo hapohapo na yule mama wa kijani.

Fundi alihamishwa kabla ya mvua. Siku hizi ithembo limelimwa, mpapai haupo, na nyanya nilimzika zamani. Ninachojutia ni kwamba sikuwahi kumwambia jirani asante. Kila asubuhi nilikunywa, nikakimbilia mbuzi.