Siku Sungusungu Walipoihoji Bunduki ya Mume Wangu

Nimewahi kuona kwa macho yangu bunduki ikihojiwa.

Ililazwa juu ya ngozi ya mbuzi, watu wameizunguka, ikaulizwa nani kakufunga. Ilipokaa kimya ikaambiwa ina kiburi.

Msinicheke. Siku hiyo mama mkwe wangu alikuwa anapoteza kijiji chake, na mimi nimekaa palepale nimeshika tama.

Ilikuwa 1996, Migato, enzi hizo bado tuko wilaya ya Bariadi. Wanunuzi binafsi wa pamba ndio wameingia, kila mtu anataka kitu kipya. Wengine walinunua baiskeli na redio. Mume wangu Magese akanunua bunduki ya kuwindia, mtumba, yenye kibali chake, ile ya kukoki kwa mkono kila risasi.

Fisi alikuwa anatumaliza. Anakuja alfajiri, anapita nyuma ya nyumba ya mama mkwe, bibi Nyanjige, anabeba mbuzi, anaondoka bila haraka kama aliyeagizwa.

Mara ya kwanza Magese akafyatua, akakosa. Akakoki tena. Risasi ya pili haikupanda. Boliti, kile chuma cha kukokia, likapita juu yake, tupu.

Mara ya pili, vilevile.

Mara ya tatu risasi ilipanda nusu, ikakwama imeinua pua. Magese anaitukana, fisi kasimama anamtazama. Nawaambia ukweli, alisimama akatazama!

Minong'ono ikaanza. Kwetu fisi asiyeogopa mtu ana mwenyewe, ni usafiri wa wachawi. Na huyu anapita kwa nani? Kwa Nyanjige. Macho ya Nyanjige yakoje? Mekundu, kama wanavyosema ya mchawi.

Mekundu ya moshi, jamani! Miaka hamsini anapuliza moto wa samadi.

Sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, wakaita mkutano asubuhi. Ntemi wao, yaani mkuu wao, mzee Ngusa, akainama juu ya bunduki.

"Bunduki, nani kakufunga?"

Kimya.

"Mmeona? Ina kiburi hii."

Akaitwa Selestini, fundi baiskeli, kwa sababu ndiye pekee mwenye spana. Akachukua risasi moja, akaisukuma kwa kidole mpaka ndani ya mtutu, akafunga boliti, akaelekeza juu.

Paa! Kuku wakatawanyika.

"Bunduki nzima," akasema. "Tena imepakwa mafuta vizuri."

"Kama bunduki ni nzima," Ngusa akauliza, "mgonjwa ni nani?"

Vichwa vyote vikamgeukia bibi.

Hukumu ikatoka: atengwe. Asipewe moto, asichote maji kisimani, asisalimiwe hata na wajukuu. Na mnaoijua miaka ile mnajua bibi kizee aliyetengwa kwa jina la mchawi hakawii kufuatwa na panga.

"Sawa," Nyanjige akasema. Neno moja tu.

Hapo ndipo nikawaona sisimizi.

Wamejipanga mstari kutoka kwenye nyasi, wanapanda ile ngozi, wanaingia tumboni mwa bunduki, pale risasi tano zinapopangwa.

"Hata wadudu wametumwa!" mtu akapiga kelele.

Nilijua wanafuata nini.

Sasa niwaambie. Magese alinikabidhi risasi nizifiche watoto wasizione. Nina wanne, na Joyness wa miaka mitano anachokonoa kila kitu. Nikazifungia sandukuni, nikaota Joyness kazimeza. Nikazihamishia kwenye debe la mtama, nikaota nimezisaga zimekuwa ugali. Mwisho nikazitumbukiza kwenye chungu cha samli cha bibi, maana mtoto akikigusa anachapwa.

Fisi akija nazitoa, nazifuta kwa kanga chapuchapu, nampa Magese.

"Mbona zinateleza?" aliniuliza siku moja.

"Nimezipaka mafuta zisishike kutu."

Akanisifu mbele ya rafiki zake!

Sasa nikisema, Magese atanirudisha kwa baba yangu, watoto nitawaacha. Nikinyamaza, bibi wa watu anakwisha.

Nikasimama.

"Mzee Ngusa, huyo fundi kaiweka moja kwa kidole. Inapogoma huwa ina tano tumboni. Wekeni tano, mkoki tu bila kufyatua."

"Mwanamke anajua bunduki?"

"Wekeni tu, baba."

Selestini akaelekeza mtutu kwenye kichuguu, akapanga tano, akakoki. Ya kwanza ikaingia. Akavuta, ikatoka. Akasukuma tena: tupu.

"Imegoma, na fisi yuko wapi saa hizi?" nikauliza.

"Labda yuko karibu," mtu akajibu kwa nyuma.

Selestini akazitoa zote, akafungua kifuniko cha chini. Likadondoka donge jeusi: samli, vumbi, nyuzi za pamba, na mende mmoja marehemu. Kile kibati cha springi kinachosukuma risasi juu kilikuwa kimenata kama kwenye ulimbo. Akakiosha kwa mafuta ya taa, akakausha. Tano zikaingia, tano zikatoka.

"Samli kaweka nani?" Ngusa akauliza.

Nikanyoosha mkono kama niko darasani.

Wazee wakateta muda mrefu. Sheria zao hazikuwa na kosa la samli. Wakanitoza mbuzi mmoja, wakamla siku hiyohiyo. Fisi alishakula watatu, sungusungu wakala wa nne.

Nyanjige akaachiwa. Magese hakunirudisha kwetu, ila hakuongea nami mpaka Alhamisi, fisi aliporudi.

Bunduki ilikula na kutema risasi zote tano, safi kabisa. Magese akakosa zote, ya mwisho ikatoboa bati la choo chetu. Fisi akaondoka na mbuzi, na hakuna aliyemtaja mchawi.

Wiki ile tulikuwa tunachambua pamba mimi na bibi, wawili tu. Nikapiga magoti. "Mayo, mama yangu, nisamehe. Sikujua samli italeta haya."

"Mimi nilijua," akasema, mikono haijasimama.

"Ulijua nini?"

"Nachota samli nakuta risasi, nisijue? Nani mwingine ana woga wa kuficha hivyo?"

"Na mbele ya watu ulinyamaza!"

"Ng'wana wane, mwanangu, mimi imebaki miaka mingapi ya kusalimiwa? Wewe una watoto wanne wadogo."

Nililia mpaka pamba ikalowa.

"Usiniharibie pamba," akasema. "Samli inatosha."

Mama mwenzangu unayesoma hapa: risasi mahali pake ni sanduku kavu lenye kufuli. Chombo kikigoma, kijaribuni vilevile kinavyogoma kabla hamjamtafuta mtu wa kumlaumu. Na ukificha kitu cha hatari kwa ajili ya watoto, mwambie mtu mzima mmoja. Mimi woga wa kuwalinda wanangu ulibakiza kidogo tu uwaulie bibi yao.