Simu Mbili za Bi Safa

Bi Safa Haidar alizaliwa hapa hapa Jeddah, wazazi wake wakiwa wametoka Unguja baada ya mwaka sitini na nne. Ukimuuliza kwao wapi atakwambia Mkunazini, na Mkunazini yenyewe hajaiona kwa macho. Kila ikama yake, kibali cha ukaazi, ikikaribia kuisha anapanga foleni kama mtu aliyeshuka jana kwenye ndege. Mumewe alishafariki. Mwanawe Usama yuko Riyadh, anauza vipuri vya magari, na humpigia mama yake kumsihi ahamie huko, naye humjibu kwamba Riyadh hakuna bahari wala watu wa kumsengenya.

Anashona mapindo ya mabaibui ghorofa ya tatu, mtaa wa Bani Malik. Mimi ni Rosebellah, Mkenya, nasafisha saluni, na nimepanga chumba chake cha nyuma tangu 2014. Nimekaa naye karibu mno, siwezi kumpamba, kwa hiyo nitamweleza alivyo.

Mtaani walimjua kwa mapindo. Wanawake wa gerezani walimjua kwa simu.

Mambo yalikuwa hivi. Mle ndani simu ni ya kadi, na kadi zinauzwa humo humo kwa bei mara tatu ya dukani. Ukipiga Kenya inakwisha kabla hujamaliza kuuliza nani mzima nani mgonjwa. Ukipiga namba ya hapa Jeddah inadumu. Sasa msichana mmoja aliyewahi kulala kwetu alishikwa hana karatasi, akapiga namba pekee ya Saudia aliyokuwa nayo kichwani, ya Bi Safa, akilia kwamba anataka kumsikia mama yake Kakamega. Bi Safa akachukua simu yake ya pili, ile ya intaneti, akampigia huyo mama, akazilaza simu mbili kwenye kitambaa cha kushonea, mdomo wa hii kwenye sikio la ile. Mama na mwana wakaongea mpaka wakachoka. Baada ya hapo namba ya Bi Safa ikaenea gerezani, na cherehani ikawa inanyamaza kila Jumanne, siku ya simu ya wanawake wa Afrika.

Aliyeamua kwamba sauti ya mzazi ni bidhaa, ipandishwe bei kwa aliyefungiwa na hana pengine pa kwenda kununua, mimi sina neno jema kwake, na sitajilazimisha kulitafuta.

Bi Safa alikuwa na sharti lake moja. Anayeshika simu hasikii. Alisikia yote, bila shaka, maana masikio hayana mlango, lakini neno la huyu hakulipeleka kwa yule, wala kwangu mimi ninayelala ukuta wa pili. "Hiyo amana, Rosebellah," aliniambia nilipomchokoza. "Mtu kaniwekea. Mie n'nani nifungue?" Nilimheshimu kwa hilo. Baadaye nikalichukia, na nitasema kwa nini.

Magdaline alikuja kwetu mwanzoni mwa 2017. Alikuwa ametoroka kwa madam wake kule Al-Rawdah baada ya miezi mingi bila mshahara, na bado alicheka kwa sauti ya kuamsha jengo zima. Alikaa kwetu majuma machache tu. Siku moja alikwenda Kandara, mtaa wa hapa hapa Jeddah, kuulizia kazi, polisi wakamshika. Madam akaongezea kwamba ameiba bangili. Angekuwa mtoro tu wangemrudisha kwao. Kwa sababu ya bangili akakaa ndani akingoja kesi.

Alikuwa na binti mmoja, Terry, wa miaka kumi na tano. Mwaka uliotangulia Terry alianza kukwepa shule, na kaka yake Magdaline, Naftali, akamshauri ampeleke kwenye kambi ya nidhamu upande wa Laikipia. Kambi ya mtu binafsi. Watoto wananyolewa, wanakimbizwa alfajiri wakibeba mawe, wanaitwa kuruta, na mwenye kambi anaitwa Afande Laban, ingawa jeshi aliliacha zamani. Magdaline alilipa ada ya mwaka mzima kwa pesa zake za kwanza za Uarabuni, akiamini anamnunulia mtoto wake maisha. Wazazi wengi walio mbali wamefanya hivyo hivyo. Unakuwa jikoni mwa mtu Jeddah, unaambiwa mtoto anaharibika, unakubali chochote chenye geti.

Kambini nako simu ilikuwa na bei. Mtoto aliongea Jumapili tu, kupitia simu ya Afande, na Afande alitaka Mpesa kwanza. Mimi nilimwomba dada yangu aliye Kenya awe anatuma. Gerezani Jumanne, kambini Jumapili. Milango miwili isiyofunguka siku moja. Bi Safa akapata dawa yake: Jumapili anairekodi sauti ya mtoto, Jumanne anamchezea mama. Jumanne anairekodi ya mama, Jumapili anamchezea mtoto.

Magdaline alimwambia tangu mwanzo, "Bi Safa, tafadhali, asijue niko ndani. Mwambie madam ananipatia simu Tuesday pekee. Huyo mtoto akisikia mama yake ni mfungwa ataisha."

"Hatojua kwangu," akasema Bi Safa.

Basi Terry akawa anasema, "Mama niko sawa, najifunza, nimeongeza mbio." Magdaline anasikiliza kule gerezani, anacheka na kulia kwa pamoja, kisha anajibu kwamba kazi ni nzuri, madam ni mpole, Disemba atakuja na begi la nguo. Nilikuwa nalisikia lile begi la nguo kutoka jikoni na nafsi inaniuma, maana hata nguo zake mwenyewe zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda changu.

Jumapili moja mwezi wa tano, Afande aliitwa nje kidogo na simu ikabaki mkononi mwa mtoto. Sauti ikashuka. "Nyanya," alimwita Bi Safa hivyo, "mwambie mama anitoe huku. Lakini usimwambie wananichapa. Nimevunjwa kidole na nimeambiwa ni mimi nilijiangusha. Akijua ataacha kazi, na hiyo kazi ndiyo tunakula. Sema tu nimechoka." Kisha mlango ukalia, na mtoto akarudi kusema ameongeza mbio.

Nilikuwa nimesimama pale pale na sufuria. Nilisikia kila neno.

Jumanne ilipofika Bi Safa akamwambia Magdaline, "Mtoe mtoto, mwanangu. Kachoka."

"Amechoka kivipi? Si anasema yuko sawa?"

"Kachoka tu. Mie nnakuomba."

Magdaline akacheka. "Bi Safa, hata mimi boarding nililia form one yote. Nikimtoa ataenda kwa nani? Naftali anakunywa. Hapo angalau anakula, analala, kuna fence. Rekodi basi nimwambie." Akarekodi: "Terry, mama yangu, vumilia. Disemba si mbali. Usiniangushe."

Nilimgeukia Bi Safa nikasahau adabu. Nilimwambia amana haikuwekwa duniani ili ifukie watu. Mama anamficha mtoto, mtoto anamficha mama, na wewe katikati umebeba yote mawili unasema hujui. Hakunijibu vibaya. Alikaa na kitambaa mapajani, akasema, "Mtoto kaniomba kwa jina la mamake. N'kisema, n'mekhini mtoto. N'kinyamaza, n'mekhini nani?" Ilikuwa mara ya kwanza kumwona hajui la kufanya.

Jumapili akamchezea Terry lile "vumilia." Terry akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa," akarudisha simu kwa Afande.

Lile "sawa" ndilo lililomvunja Bi Safa. Asubuhi yake aliniambia ameamua, Jumanne anafungua kila kitu kwa pande zote mbili. Nikamkumbatia. Jumanne simu haikulia. Wala iliyofuata. Tukaja kusikia kwamba mle ndani wamemkamata mwanamke na simu ya kuficha, na wodi nzima imenyimwa simu kwa adhabu. Kule kambini nako Afande akawa hapokei. Ramadhani ikaingia na kukatika hivyo, Bi Safa akifuturu kwa tende moja na macho kwenye simu.

Idi mwaka ule iliangukia Jumapili, na kwa sikukuu adhabu ikaondolewa, wanawake wakaruhusiwa simu. Kwa mara ya kwanza milango yote miwili ikawa wazi siku moja. Nyumba ilikuwa inanuka ubani, nami nimeshika sahani ya kaimati, simu ikalia. Bi Safa hakungoja Idi mubarak. Alimwambia Magdaline yote, harakaharaka, kidole, fimbo, na kwamba mtoto ndiye aliyeomba asiambiwe.

Magdaline akasema, "Niunganishie huyo mtu."

Afande alipokea safari hii. Bi Safa akazilaza simu. Magdaline akaongea kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake. "Mimi ndio mama yake Terry. Mimi ndio nimelipa. Mtoe mtoto wangu leo."

"Mama Terry," Afande akasema, "kwani Naftali hajakwambia? Huyo msichana aliruka fence. Ni wiki ya tatu sasa. Tumereport. Sisi kama kambi hatuna liability, form Naftali alikusainia."

"Ameenda wapi?"

"Sasa mimi nitajuaje? Hata kwa mjomba hajafika. Hapa alikuwa tu kimya tangu ile message yako." Akakata.

Nilimwona Bi Safa akiinua simu ya gerezani na kuiweka sikioni kama mtu anayegusa jiko asijue kama limepoa. Nilidhani Magdaline atamtukana. Ningekuwa mimi ningemtukana. Aliuliza jambo moja tu.

"Bi Safa, uliwahi kumwambia niko jela?"

"Sikumwambia, mwanangu. Ulinikataza."

"Basi ametoka hapo akijua mama yake yuko huru," Magdaline akasema. "Ameniomba nimtoe, na mimi nimekaa kwa nyumba nzuri na simu kwa mkono, nimemwambia avumilie. Hivyo ndivyo anajua."

Hapo ndipo akalia, na nyuma yake zilisikika sauti za wanawake wenzake wakipokezana salamu za sikukuu. Nilikaa sakafuni na sahani yangu.

Kesi ya bangili ilifutwa Septemba, bila pole wala mshahara, na Magdaline akarudishwa Kenya. Alizunguka na picha ya Terry kwenye simu, Nyahururu, Nanyuki, Nakuru, akiwaonyesha wauza mboga na makondakta. Alimsamehe Bi Safa, au alisema hivyo. Alisema hata kifo cha mtoto hakiogopi kama anavyoogopa hiki: kwamba mtoto yuko mahali fulani, mzima, na anaamini alikataliwa. Alitaka Terry apate neno moja tu, kwamba mama alikuwa amefungwa.

Januari iliyofuata, mchana wa kawaida, Bi Safa alikuwa anatia uzi sindanoni nami nakunja nguo, simu ikalia namba ya Kenya tusiyoijua.

"Nyanya? Ni mimi Terry. Namba yako niliikariri kwa simu ya Afande."

Na Mungu ni shahidi, Bi Safa alifanya kile ambacho mtu wa kwao hufanya akimpokea aliyepotea. "Mwanangu! Hujambo? Hujambo mwanangu? U mzima? Umekula? Alhamdulillahi, alhamdulillahi, hebu sema tena n'kusikie, u mzima?"

"Niko mzima. Nyanya, mama bado yuko kwa kazi? Hajawahi niulizia?"

"Anakuulizia usiku na mchana! Sikiliza, mamako alikuwa..."

Simu ikakatika.

Tulipiga tena, ikatuambia salio halitoshi. Simu yetu ya intaneti haikufaa kitu, maana namba ile ilikuwa ya simu ndogo ya kubonyeza. Nilishuka ngazi bila viatu mpaka kwa Mbangali wa dukani, nikanunua kadi, nikapanda nayo nikihema, na Bi Safa akaikwangua kwa kucha, kwa haraka hadi akakosea tarakimu. Hatimaye ikaita. Akapokea mwanamume, mwenye duka, Narok.

"Huyo msichana ameenda," akasema. "Nilikuwa nimemuuzia tu dakika."

Nilimnyang'anya Bi Safa simu. Nilimwomba atoke nje amwite, aangalie barabarani, nikamwambia ni mtoto, ametafutwa miezi. Alitoka, namsikia akiuliza watu, akarudi.

"Simwoni, madam. Ilipokatika aliniuliza dakika moja zaidi ya Saudia ni pesa ngapi. Nikamwambia. Akasema basi, akaenda."