Iache Saa Mbili

Mama Akiba hajui kukaa. Mwambie akae, atakaa, lakini ni kukaa kwa kuku anayetafuta pa kutagia: anageuka, anainuka, anachungulia, anarudi. Nyumbani hula amesimama kando ya jokofu. Akilala, anasema mumewe, miguu inaendelea na kazi. Na mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya betri, kazi ambayo nusu yake ni kungoja! Mungu naye ana utani wake.

Jina walimpa wenzake wa karakana. Karakana yenyewe ni chumba kirefu chenye sakafu nyeupe, inayopigwa deki mpaka unajiona kidevu, na mlangoni unavua viatu na kuvaa ndara za humo humo. Humo wanaunda setilaiti ndogo, ukubwa wa mkate mzima. Itapanda roketi moja na setilaiti za watu wengine, iizunguke dunia na kupiga picha za mito na mashamba. Ikiwa juani, paneli za sola zinaipa umeme. Lakini kila mzunguko lazima ipite nyuma ya dunia, kwenye kivuli, na huko paneli ni vioo tu. Huko inaishi kwa kilichowekwa. Paneli ni kazi ya mumewe, wanayemwita Bwana Jua. Betri ni kazi ya mke. Bwana Jua hupenda kuwaambia wageni, "Mimi natafuta, mwenzangu anaweka," na Mama Akiba humjibu bila kugeuka, "Angekuwa anatafuta hivyo nyumbani, tungekuwa mbali."

Betri ile aliiunda kwa mikono yake, kwa miaka. Alizichagua seli moja moja, akakataa nyingi kuliko alizokubali, akaziunga, akazipasha moto na kuzigandisha ndani ya pipa lisilo na hewa, ili zizoee shida kabla ya safari. Pacha wake ilipasuka kwenye jaribio la kutikiswa. Ikabaki hiyo moja. Alichokitaka duniani wakati ule ni kitu kimoja tu: betri yake iende juu.

Lilibaki jaribio la mwisho. Betri inaunganishwa na taa, inanyonywa kama kivuli kitakavyoinyonya, halafu jaribio linaachwa kabla umeme haujashuka chini ya mstari wa hatari. Ndivyo wanavyosema pale: jaribio halizimwi, linaachwa. Chini ya mstari huo seli zinaumia kwa ndani, na jeraha halionekani. Kifaa cha kukata umeme chenyewe kilikuwa kimeharibika, kwa hiyo palihitajika jicho la mtu. Mama Akiba alianza asubuhi, saa moja na kitu, akasimama mbele ya meza. Taa haijapata hata joto, simu ikalia: binti yao kaanguka shuleni, jino la mbele limeng'oka, mdomo wote damu.

Alitoka mbio. Mlangoni, mguu mmoja ndani ya kiatu na mwingine bado, alimpigia kelele mumewe:

"Hiyo iache saa mbili!"

"Haya, nenda!"

Sasa, msomaji, lazima umjue Bwana Jua. Baba yake alikuwa mwalimu wa Kiswahili, mkali kama pilipili, na mtoto aliyesema "masaa" mbele yake alinyimwa chai. Hakuna masaa, alifoka mzee, kuna saa! Yule mtoto akakua, akaoa, akaota mvi, na neno "masaa" halijamtoka mdomoni hata siku moja. Mkewe, kama wengi wetu, akitaka muda husema masaa mawili, na akitaka wakati husema saa mbili. Hawajawahi kugombana kwa hilo, maana nyumbani sufuria ikiungua unaisugua, basi.

Mama Akiba alimaanisha: ikifika saa mbili, zima. Bwana Jua alisikia: usiiguse, iendelee saa mbili nzima. Akarudi kwenye paneli zake, akainama na kibano chake, akatulia.

Kwa daktari wa meno, Mama Akiba alikuwa akitembea kutoka dirishani mpaka mlangoni, na daktari ameshamwomba kistaarabu atoke nje. Saa mbili ilikuwa imepita kidogo. Akapiga simu.

"Umeiacha?"

"Nimeiacha."

"Asante, mume wangu."

Na kweli alikuwa ameiacha. Hakuna aliyedanganya. Mke alitulia upande wake, mume alitulia upande wake, na taa ikaendelea kuinyonya betri.

Aliporudi na binti yake mkononi, taa ilikuwa nyekundu, hafifu, inakata roho. Alichomoa waya, akaweka mita. Akaitoa, akaiweka tena. Umeme ulikuwa umeshuka mbali sana chini ya mstari.

"Nilikwambia uiache saa mbili!"

"Na nimeiacha saa mbili! Tangu uondoke. Nilikuwa ndiyo nakuja kuizima."

"Saa mbili ya asubuhi, we mwanaume!"

"Si ungesema ifikapo saa mbili?"

"Nani anasema 'ifikapo' ana kiatu kimoja? Na nilipokuuliza kama umeiacha?"

"Nilikuwa nimeiacha. Vile vile ilivyokuwa."

"Ningetaka muda, si ningesema masaa mawili?"

"Masaa si Kiswahili," alisema Bwana Jua kwa sauti ndogo, na palepale akatamani ardhi immeze.

Fundi wa redio, kwenye meza ya jirani, alishindwa kujizuia, akacheka. Kisha akauona uso wa Mama Akiba, akakumbuka ana kazi nje.

Mficha uchi hazai. Walikwenda wote wawili kwa Mkuu wa karakana, mama mmoja mwenye maneno machache, wakamweleza yote bila kupunguza. Mkuu alishika kichwa.

"Saa mbili," alisema. "Lo! Haya. Ichajini polepole, tuone."

Wakaichaji. Ikapanda vizuri, bila kusita, mpaka juu kabisa. Fundi wa redio alipiga makofi, "Imepona!" Mama Akiba hakupiga. Betri iliyokaushwa hurudi na uso mzuri, kama mgonjwa anayemchekea daktari ili aruhusiwe kwenda nyumbani. Ukitaka ukweli wake, uiweke peke yake siku kadhaa, bila taa, bila chaja, uone kama inashuka yenyewe. Mkuu alilijua hilo sawa na yeye.

"Gari la kuchukua setilaiti linakuja Ijumaa," Mkuu alisema. "Roketi haitungoji. Betri ni yako: ukisema iende, inaenda. Ila kumbuka tunapanda na vyombo vya wenzetu. Ikishika moto, haiungui peke yake."

Basi ikawa kungoja. Jamani, wewe ulishamwona mtu asiyejua kukaa akiambiwa angoje? Mama Akiba alifua mapazia yaliyokuwa safi. Alihamisha kitanda, akakirudisha. Kazini alizunguka rafu iliyobeba setilaiti iliyozimwa, betri ikiwa ndani yake, mkono unakwenda kwenye mita, unarudi mfukoni, na kila alipoikaribia zaidi mtu mmoja alisema, "Iache, Mama Akiba." Bwana Jua alilisema neno hilo mara moja tu, jicho alilopigwa lilimtosha.

Nyumbani alijifanya mdogo. Aliosha vyombo bila kuambiwa, akamsaidia binti kazi za shule. Siku ya pili alimfuata mkewe jikoni.

"Nisamehe."

"Nilikuwa na haraka. Hata mimi sikusema vizuri."

"Nisamehe tu."

"Nimekusamehe. Lakini bado nimekasirika, usinisogelee."

Binti yao, pengo wazi, aliwaangalia mmoja baada ya mwingine. "Mama," aliuliza, "utakathirika mpaka thaa mbili?"

Walicheka, hawakuweza kujizuia. Mama Akiba alicheka mpaka akalia, kisha kile kicheko kikaisha na kilio kikabaki. Alikuwa anaogopa. Alikuwa anaogopa kwamba Ijumaa mita itamwambia neno ambalo yeye peke yake ndiye mwenye kulitamka.

Ijumaa aliingia karakana kabla ya wengine kuvua viatu. Akapima. Seli ya kwanza ilikuwa pale pale alipoiacha. Ya pili vile vile, na ya tatu. Ya nne ilikuwa imeshuka unywele.

"Hiyo ni mita," alisema fundi wa redio, safari hii kwa upole. "Badilisha mita."

Akabadilisha. Unywele ule ule. Alitaka kusema iende. Nani angejua? Mumewe alisimama nyuma yake, na kwa hilo alimshukuru baadaye. Kisha akaenda kwa Mkuu.

"Inashuka."

"Sana?"

"Kidogo. Lakini yenyewe."

Mkuu aliangalia kalenda. "Basi tumekwama. Nafasi nyingine kwenye roketi sijui lini."

"Setilaiti iende," alisema Mama Akiba, akitembea huku na huku mbele ya meza. "Tuliiwekea njia ya kula moja kwa moja kwenye paneli, kwa ajili ya uzeeni, siku betri itakapochoka. Basi izaliwe mzee. Ikiingia kivulini itazimika, ikitoka itaamka. Tutapata nusu ya picha, lakini tutapata."

"Paneli zangu bila betri yako?" Bwana Jua alikuwa amewafuata mpaka mlangoni. "Mimi siwezi. Tungoje nyingine."

"Wewe nani anakuuliza? Kazi za watu wote humu zifungiwe ndani kwa sababu ya betri yangu? Nenda kalete bisibisi."

Akaleta. Mama Akiba alifungua kifuniko kwa mkono wake mwenyewe, akachomoa nyaya alizozichomea yeye, akaitoa betri na kuiweka mezani. Mahali pake setilaiti ilihitaji uzito ule ule, isije ikayumba, kwa hiyo Bwana Jua alikata kipande cha chuma, akakipima, akakisugua. Kikaingia sawasawa. Mama Akiba alikiangalia chuma kile kitupu kikiwa pale, akageuza uso, kisha akafunga kifuniko na kukaza skrubu zote.

Dereva alikuja na vijana wake wa kubeba. Setilaiti ikaingia kwenye sanduku lenye sponji, sanduku likafungwa. Dereva alitupa macho, akaiona betri mezani.

"Na hii, mama? Inaingia sanduku gani?"

Mama Akiba alikuwa anazungusha bisibisi mkononi, anaizungusha, anaizungusha.

"Iache," alisema.

Safari hii hakuna aliyeuliza mpaka saa ngapi.