Utumbo wa Mchinjaji

Hospitalini wanamwita Mama Mipira, kwa kuwa kazi yake ni kuosha mipira. Si ya kuchezea. Ni ile mirefu myeusi yenye kamera nchani, ambayo daktari huipitisha njia ya haja kubwa ya mgonjwa ili auone utumbo mpana kwa ndani. Ukitoka kwa mgonjwa, mpira huletwa kwenye chumba cha Mama Mipira chenye sinki mbili na dirisha lisilofunguka. Huufuta, huupitishia brashi nyembamba katika matundu yake, huuzamisha kwenye dawa, huusuuza, kisha huuning'iniza kabatini ukauke, umenyooka kama nyoka aliyekubali yaishe.

Lugha zote huizunguka sehemu ile ya mwili. Watu husema nyuma, kule, huko chini, na macho yao huhamia ukutani. Mama Mipira haizunguki. Harusini, au kwenye foleni ya maji, atamuuliza mtu, "Choo chako kikoje siku hizi?" kama wengine wanavyouliza habari za watoto. Wengine hucheka, wengine humkwepa. Lakini wapo waliokwenda kupimwa kwa sababu ya ulimi huo, wakatolewa vinyama vilivyoota ukutani mwa utumbo, vile ambavyo baadhi yake vikiachwa hugeuka saratani taratibu na mwenyewe hana habari.

Baba yake alikufa kwa ugonjwa huo. Enzi zile ilisemwa tu "tumbo", basi. Daktari alipoisikia habari hiyo akamwambia kwamba watoto wa mzazi wa namna ile hawangoji dalili, hupimwa mapema. Haukupita muda akalala yeye mwenyewe kwenye kitanda alichozoea kukiona kwa mbali. Akatolewa kinyama kama punje ya mahindi. Alipozinduka, neno la kwanza lilikuwa, "Nani anauosha mpira wangu?"

Akabaki ndugu yake wa tumbo moja, mdogo wake, mchinjaji mwenye bucha karibu na stendi. Wateja humwita Steki.

"Dada, mimi matumbo nayaosha kila asubuhi," Steki alimwambia, akiendelea kupasua mbavu juu ya gogo. "Leo nitishwe na tumbo?"

"Hayo ya ng'ombe."

"Tofauti ni mkia tu."

Fundi baiskeli wa mlango wa pili, aliyekuja kununua mifupa na hakuwa na haraka ya kuondoka, akadakia: "Steki, usikubali! Mwanaume mzima utiwe mpira kama tairi?"

Bucha zima likaangua kicheko. Steki alicheka kuliko wote, mpaka akashika gogo. Dada yake akachukua nyama yake akaenda.

Aliyemrudisha pale ni wifi yake. Alimjia nyumbani, akakaa ukingoni mwa kiti na mkoba mapajani. "Wifi, usiseme ni mimi niliyekwambia. Anatoka damu. Anasema ni bawasiri. Siku nyingi sasa."

Mama Mipira alimwendea Steki jioni, wakati wa kufunga, wateja wakiwa wamekwisha. Safari hii hakuhubiri. Alikaa tu juu ya kreti, akamtazama akisugua gogo kwa chumvi. Steki alisugua mahali palepale muda mrefu.

"Haya," akasema mwishowe. "Nipeleke. Ila fundi baiskeli asijue."

Dada akamletea dawa ya kusafisha tumbo, unga wa kuchanganya na maji kwenye jagi kubwa. Akamweleza: usile, kunywa jagi lote kidogo kidogo, utakwenda chooni mpaka kinachotoka kiwe kama maji. Kisha akarudi kazini, maana zamu ilikuwa yake.

Siku ya kipimo Steki alifika amenyoa, shati limepigwa pasi, ananukia sabuni.

"Jagi ulimaliza?"

"Dada, nimefunga kabisa. Sijatia kitu mdomoni, maji matupu."

Kwa furaha ya kumwona pale, Mama Mipira hakugundua kwamba alikuwa amejibiwa swali jingine.

Daktari alimruhusu asimame nyuma karibu na skrini. Mpira ukaingia, na skrini ikajaa matope. Daktari akapuliza maji, akanyonya, akasogea, akakuta matope mengine. Alijaribu kwa subira, kisha akauchomoa mpira. "Siwezi kusema sijaona kitu," alisema, "kwa sababu sijaona kabisa."

Steki alipozinduka alieleza bila aibu, kama fundi anayetetea kazi yake. "Daktari, ng'ombe wa kuchinjwa kesho leo hanyweshwi dawa. Ananyimwa majani, anapewa maji, asubuhi tumbo jepesi. Hiyo ndiyo kazi yangu. Halafu choo chetu ni kimoja, nyumba nzima. Ningekifanya changu usiku kucha, majirani wapange foleni?" Jagi alikuwa amelimwaga mtaroni.

"Na huyo ng'ombe wako," daktari akauliza, "ukimfungua, unakuta utumbo mtupu?"

Steki akafikiri. "Naukuta na mavi," akasema polepole. "Ndiyo maana tunauosha."

Hata muuguzi aligeuka pembeni acheke. Steki akapangiwa siku nyingine, karibu tu, na akaapa kwa kaburi la baba kwamba jagi atalimaliza hata likiwa pipa.

Siku hiyo haikufika. Kabla yake, asubuhi moja, picha ilipotea kwenye skrini katikati ya kipimo cha mtu mwingine, na haikurudi. Mpira mwingine ulikuwa umekufa zamani. Yote miwili ikafungwa kwenye masanduku, ikapelekwa kutengenezwa ng'ambo. Mama Mipira alimuuliza daktari, daktari alimuuliza mkuu wake, mkuu aliwauliza wa juu, na wa juu wakasema subirini. Alimpeleka Steki kwenye hospitali nyingine, safari ya kutwa nzima. Huko kamera ilikuwepo, na foleni yake ilikuwa ndefu kuliko kungoja za nyumbani zirudi. Wakaandikisha jina, wakarudi.

Mvua zikaanza, zikaisha. Mama Mipira alikwenda kazini kila siku kwenye chumba cha sinki kavu. Wakampa mabeseni aoshe. Aliyaosha kama mipira, mara mbili mbili, mpaka muuguzi akamwambia, "Mama, hilo beseni limekukosea nini?" Akipita buchani aliona mambo ambayo hakuwa na la kuyafanya. Mkanda wa Steki ulitobolewa tundu jipya, kisha jingine. Stuli ililetwa nyuma ya gogo, na Steki akawa anakata nyama amekaa.

"Kamera yenyewe imenikimbia, dada," alisema. "Imesikia sifa zangu."

Fundi baiskeli alikuwepo. Hakudakia.

Kamera ziliporudi, Steki alipewa nafasi ya kwanza. Alikunywa jagi lote uani, amekaa karibu na mlango wa choo. Majirani walimwachia choo bila kuombwa, wakaenda kwa jirani wa mbele. Aliyemchotea maji ya kumwagia choo ni fundi baiskeli, ndoo baada ya ndoo.

Safari hii utumbo ulikuwa safi. Kwenye skrini kuta zilionekana za waridi, zinang'aa, kila mshipa mdogo ukionekana. Mama Mipira alipata kufurahi kidogo tu. Kisha mpira ukapinda kona, na mbele pakawa pamezibwa. Kitu kile hakikuwa punje. Kilijaza njia, kina mikunjo, kinavuja damu kilipoguswa. Daktari alijaribu kupita pembeni yake, haikuwezekana. Akakata vipande vya kupeleka maabara. Mama Mipira alitaka kumuuliza kama wakati ule wa kwanza, kabla ya mvua, kingekuwa kidogo. Akaona hakuna jibu ambalo angeweza kurudi nalo nyumbani.

Walipoubeba mpira kwenda chumbani kwake hakuufuata. Alivuta kiti karibu na kitanda.

Steki alifumbua macho, bado na usingizi wa sindano. "Dada. Leo nilikuwa safi?"

"Safi, mdogo wangu. Daktari ameona vizuri."

"Umeona?" Alitabasamu, akafumba macho tena. "Nililimaliza lote."